Mwalimu wa Jumamosi

Wasifu wa marehemu huanza na mahali alipozaliwa, wazazi wake ni nani, na yeye ni mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Mistari hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu aliyemjua Mwalimu kwa njia hiyo. Sisi tulimjua kwa sufuria.

Alipofariki, binti aliyekuwa akiishi naye alinipigia simu akaniomba ukurasa mmoja tu, usomwe kanisani kabla mwili haujasafirishwa kwenda Magharibi. Nilipewa siku sita. Siku ya ibada ilipofika, mahali pa wasifu kwenye programu pakawa pamechapishwa wimbo wa pili, na watu wakauimba wima, wasijue ni mimi niliyewaongezea wimbo. Binti hakunilaumu. Aliniambia, "Ni sawa tu, anko. Ukimaliza utaniletea." Sasa ni mwezi wa nane tangu afariki. Mtu aliyefundishwa na Mwalimu mwenyewe ameshindwa kuandika ukurasa mmoja kumhusu Mwalimu, na kama angekuwa hai angecheka mpaka miwani idondoke.

Basi nianze na sufuria.

Alikuwa amefundisha kwenye shule ya mabati huku Kibera mpaka magoti yakamkatalia. Chaki aliiacha, lakini sisi hakutuacha. Chumba chake kilikuwa upande wa juu, kuelekea Ayany, na ukisimama mlangoni uliona nguo zilizoanikwa kwenye madirisha ya magorofa ya Nyayo Highrise. Ijumaa jioni aliloweka mahindi na maharagwe. Jumamosi saa mbili asubuhi aliwasha jiko la makaa nje, akainjika sufuria, akaweka kifuniko na jiwe juu yake. Yeyote mwenye kazi aliyoikimbia wiki nzima alikuja akaketi kwenye fomu, yale mabenchi mawili aliyopewa na shule. Sheria ilikuwa moja. Huondoki mpaka githeri iive, na kifuniko hakifunuliwi na mtu mwingine isipokuwa yeye. Ikiiva, unaonyesha ulichofanya, halafu unakula. Kama hukufanya kitu utakula vilevile, ila utakula ukiwa umeketi mbele yake, mnatazamana. Nimekula hivyo mara mbili, na sijui kama kuna chakula kigumu kumeza kuliko hicho.

Watu walileta vitu vya kila namna. Kulikuwa na fomu za chuo, barua za kuomba kazi, na kazi za shule za wiki tatu zilizopita. Jamaa mmoja alileta redio ya jirani aliyoahidi kuitengeneza tangu Krismasi, akaifungua kwenye fomu, skrubu zikatapakaa kote. Mwingine alileta barua ya kumwomba babake msamaha, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na kitu zaidi ya "Mpendwa Baba."

Huyo wa barua ndiye niliyemsikia Mwalimu akimwambia kwa mara ya kwanza maneno yake yale. "Unazunguka nini? Anza na ile mbaya."

"Ile gani, Mwalimu?"

"Ile sentensi unaogopa. Iandike kwanza. Hizo zingine zitakuja zenyewe."

Kijana aliinama akaandika, kisha akageuza karatasi tusione. Hatukuuliza. Barua ilikuwa tayari kabla maharagwe hayajaanza kupasuka.

Kwa Mwalimu, uvivu ulikuwa ugonjwa ambao hajawahi kuuona. Wazazi walipomletea watoto wao wakisema huyu ni mvivu tu, aliuliza kama mtoto analala vizuri. Wakisema halali, anageukageuka, yeye husema, "Basi huyo si mvivu. Mvivu hulala." Halafu alianza kumchunguza mtoto kama anavyochunguza nyanya sokoni, akimgeuza huku na huku, ajue pameoza wapi.

Akinyi, kwa mfano, alimwita mwoga, na alimwita hivyo mbele yake. Alikuwa msichana mwenye kichwa kuliko sisi wote, na alitembea na fomu ya chuo cha unesi kwenye mfuko wa plastiki miaka miwili. Kila mara fomu ilikosa kitu. Leo picha, kesho sahihi ya chifu, keshokutwa kalamu nyeusi. Mwalimu akamwambia, "Wewe unaona ni heri watu waseme hakuomba kuliko waseme alikataliwa." Akinyi akaanza kulia. Mwalimu hakumbembeleza. Alimpa karatasi akamwambia ajiandikie mwenyewe ile barua ya kukataliwa, kama vile chuo kingeiandika, halafu aisome kwa sauti. Akinyi akasoma, tukamsikiliza wote, yule wa redio akasema, "Wazi! Hata ni barua poa." Tukacheka. Akinyi naye akacheka, akala githeri, na baada ya kula akajaza fomu kwa kalamu ya bluu. Leo ni nesi.

Brayo alikuwa mwepesi. Huyo hakuogopa kitu. Aliamka na mipango mitano, saa nne akawa na mitano mingine, na simu yake ilipolia alikuwa amekwisha simama kabla hajajua ni nani. Mwalimu aliichukua ile simu akaizika kwenye mkebe wa unga, ikawa inalia humo ndani, na Brayo amekaa anautazama mkebe kwa huruma.

"Mwalimu, aki ni wasee wa kazi."

"Watapiga tena. Unga haujaua mtu."

Lakini siku moto uliposhika nyumba za chini, Brayo ndiye aliyefika kwanza na ndoo, na ndiye aliyebeba mama mmoja mgonjwa mgongoni mpaka barabarani. Mwalimu alimsifu wiki nzima. Alisema wepesi wake si dhambi, ila anautumia siku zote kama ana moto wa kuzima.

Mimi alinipa jina la Msafi. Nilikuwa naandika maombi ya chuo cha ufundi, kozi ya umeme, na kila nilipokosea herufi moja niliikunja karatasi nikaanza upya. Nilikuja na rula na fulskapu sita, na kabla sufuria haijachemka nilikuwa nimebaki na moja. Niliiangalia ile moja kwa muda mrefu sana, kwa sababu maadamu haijaandikwa ilikuwa bado nzuri. Mwalimu akaninyang'anya. Akaingia ndani akatoka na pakiti ya unga iliyokwisha, akaichana kando, akaikunjua, ikiwa na unga na alama ya mafuta. "Andika hapa. Hii imeshachafuka, hutaiharibu." Niliandika bila kuinua kalamu. Baadaye nilinakili kwenye fulskapu, nikakosea mahali pawili, nikapeleka hivyo hivyo. Nilichukuliwa. Ile pakiti ninayo mpaka leo.

Alikuwa na maneno yake, na nitaandika machache tu, kwa sababu alichukia kuambiwa ana hekima. Neno "kesho" aliliruhusu nyumbani kwake. Neno lililokatazwa lilikuwa "baadaye". "Kesho ina siku yake," alisema. "Baadaye haina siku. Baadaye ni hapana yenye adabu." Ukimwambia nitafanya, alikuuliza siku gani, na hakukuachilia mpaka uitaje kwa jina.

Vijana wa mjini hawakosi methali ya kujikinga nayo. Brayo alimwambia siku moja, "Lakini Mwalimu, si wahenga walisema kawia ufike?" Mwalimu alikuwa anapepea makaa. Hakugeuka. "Waliosema kawia ufike walikuwa wameshatoka nyumbani," akasema. "Wewe uko kitandani." Brayo hakuitumia tena ile methali.

Sasa nimwandike na upande wa pili, maana wasifu wa kusomewa watu kanisani ungeuruka.

Mtu huyu aliyetukimbiza hivyo, saa yake ya ukutani ilikuwa imesimama kwenye saa tano kasorobo kwa miaka yote niliyomjua. Ilihitaji betri tu. Kalenda yake ilikuwa ya mwaka juzi wa juzi. Miwani yake ilishikwa na uzi mweusi, na kila Januari alisema mwaka huu ataipeleka ikatengenezwe. Sokoni alibishana na muuza nyanya mpaka mimi nikaona aibu, halafu akarudi nyumbani akagawa githeri kwa watu kumi na nne na kubaki akikomba sufuria. Alikuwa mkali wa kuogofya, lakini ukimletea barua ya kuchukuliwa chuo alilia kabla hujamaliza kusoma. Hayo yote tuliyajua, tukamtania kwayo. Lile moja hatukulijua.

Nililijua mimi bila kukusudia. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, maji yakavuka kizingiti yakaingia ndani, tukaanza kuinua vitu na kuviweka mezani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati. Nililivuta kwa haraka, kifuniko kikafunguka, nguo zikanimwagikia mikononi. Zilikuwa nguo za mtoto. Shali nyeupe ya kubebea kichanga, bado imo kwenye nailoni yake. Gauni la mtoto wa miaka miwili. Sweta ya kijani ambayo ingemfaa wa miaka minne. Viatu vyeusi vya shule, vipya, vidogo kama kiganja changu, soli haijagusa mchanga. Mwalimu hakuwa na mtoto, na yule binti aliyenipigia simu alikuwa bado hajaja kuishi naye. Nilisimama pale na hivyo viatu, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu.

Aliwaambia wenzangu waende wakatafute mchanga wa kuzibia mlango. Walipotoka akaketi kitandani, miguu ndani ya maji, akaniambia.

Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeishi Kawangware, muuza mboga. Mdogo mtu alikaa miaka mingi bila kupata mtoto, na hatimaye akapata msichana. Siku ile ile alipiga simu kutoka hospitali. Mwalimu akapiga vigelegele peke yake chumbani, akamwambia, "Jumamosi nakuja kuona mtoto." Jumamosi ilipofika kulikuwa na vijana wanane wenye fomu ambazo mwisho wake ulikuwa Jumatatu. Akasema Jumamosi ijayo. Ijayo kulikuwa na wengine. Mwezi ukapita, na kwao dada mkubwa hawezi kwenda kuona mtoto mikono mitupu, seuze dada aliyechelewa mwezi mzima. Ndipo akanunua shali. Lakini alipoipata shali mtoto alikuwa ameanza kukaa, na shali ya kichanga ukimpelekea mtoto anayekaa, unamwambia mamake umechelewa kiasi gani. Akatafuta gauni. Gauni likapitwa. Akatafuta sweta.

"Kila mwaka ninaokosa kwenda," akaniambia, "kile cha kubeba kinazidi kuwa kikubwa. Sasa hata sijui mtu anaweza kubeba nini."

Niliuliza kama waligombana. Akasema hapana, na akaonekana kama angefurahi kama wangekuwa wamegombana. Simu zilipungua zenyewe. Mdogo wake akapoteza laini, naye Mwalimu akaona mambo ya namna hiyo hayasemwi kwa simu hata hivyo.

"Mwalimu," nikasema, "si uanze na ile mbaya?"

Nilisema kwa utani. Alinitazama, nikaona kwamba hakuna siku aliyowahi kuona neno lile linamhusu yeye. Kisha wenzangu wakarudi na mchanga, tukaziba mlango, na sanduku likarudi mahali pake.

Nimefikiri sana juu ya hilo miezi hii minane. Akinyi alikuwa mwoga, Brayo mwepesi, mimi msafi, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kusema hapana. Kazi za watu zilimjia zikiwa na miguu, zikabisha hodi, na yake haikubisha. Kwa hiyo yake ilingoja. Nadhani pia, Mungu anisamehe, kwamba ile sufuria ya Jumamosi ilikuwa maficho yake. Nani angemlaumu? Alikuwa anafanya kazi njema kwa watoto wa watu. Sisi wote tulinufaika na Jumamosi ambazo hazikuwa zetu.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi ya kuunganisha umeme, nikahamia Kawangware. Nilikwenda kumuaga. Akanifuata mpaka njiani, jambo ambalo kwa magoti yale halikuwa dogo, akanishika mkono.

"Sasa wewe uko karibu naye. Ana kibanda cha mboga karibu na posho mill, pale pa kusaga unga, kina turubai ya bluu. Pitia umwambie nakuja. Mwambie tu hivyo. Akikubali, mimi na wewe twende."

"Nitapitia, Mwalimu."

"Siku gani?"

"Jumamosi hii."

Kibanda nilikipata siku ya pili tu. Kilikuwa kwenye njia yangu ya kwenda kazini. Na mama mwenyewe nilimtambua bila kuambiwa, kwa sababu alishika kisu cha kukatia sukumawiki kama Mwalimu alivyoshika chaki, kidole kimoja kimenyooka. Jumamosi nilikuwa nimetoka kwenye kazi, nimejaa vumbi la saruji, nikasema siwezi kupeleka ujumbe kama huo nikiwa hivi. Wiki iliyofuata nilikuwa safi, ila kulikuwa na foleni ya wateja. Nikaanza kutafuta maneno. Nilitaka yawe maneno yasiyomuumiza, yasiyomwaibisha Mwalimu, yanayoeleza yote tangu shali. Nilikuwa nayaandika kichwani na kuyakunja, kama zile fulskapu.

Nilinunua mboga kwake miezi minne. Alinizoea, akawa ananiongezea majani mawili matatu juu ya kifurushi. Msichana wake alikuwa akija kutoka shule, anaketi kwenye kreti nyuma ya turubai, anafanya hesabu. Siku moja mama akaniuliza, "Wewe si mtu wa huku. Unatoka wapi?"

"Kibera."

Kisu kikasimama. "Kibera nina mtu," akasema.

Maneno yalikuwa matatu tu. Ni yeye amenituma. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Kijana, songa, wengine tuna haraka," nami nikachukua mboga zangu nikasonga. Nilijiambia nitarudi Jumamosi nikiwa na shati zuri.

Jumamosi hiyo sikurudi. Nilipelekwa kazi ya nje ya mji, nikakaa majuma mawili. Niliporudi turubai ilikuwa imefungwa kwa kamba, na kwenye ukuta wa posho mill kulikuwa na karatasi yenye picha yake. Jirani yake, Mama Shiru, ndiye aliyenieleza. Ilikuwa homa ya mapafu, siku tano tu. Walikuwa wameshamsafirisha na kumzika nyumbani kwa wakwe zake, na hakuna aliyejua huyo dada yake wa Kibera angepatikana wapi. Msichana alikwenda na gari la mazishi, akarudi nalo, sasa yuko kwa Mama Shiru mpaka shule zifungwe, halafu watu wa ukoo wataangalia.

Nataka kuandika kwamba nilikwenda kwa Mwalimu jioni hiyo hiyo. Sikwenda. Nilikaa na habari hiyo wiki tatu. Kila asubuhi niliamka nikasema leo, na kila jioni nikasema si kwa hali hii ya uchovu. Nikaogopa uso wake. Halafu nikaogopa swali la umejua lini, na kila siku niliyongoja jibu la swali hilo lilizidi kuwa baya. Ndipo nilipolielewa lile sanduku.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta peke yake. Vijana walikuwa wamepungua siku hizo, fomu nyingi zinajazwa kwenye simu, na simu ya kujazia fomu huwezi kuizika ungani. Lakini githeri alikuwa ameinjika vilevile, jiwe juu ya kifuniko. Nilimsalimia, nikamuuliza magoti, nikamuuliza mvua, nikasifu sufuria. Aliniacha niendelee kidogo. Kisha akaketi mbele yangu, tukitazamana.

"Msafi," akasema. "Anza na ile mbaya."

"Dada yako amefariki, Mwalimu."

Hakupiga kelele. Alivua miwani akaishika mapajani, akavuta ule uzi mweusi mpaka ukakatika.

"Lini?"

"Wiki ya tano sasa. Wameshamzika."

"Na wewe umejua lini?"

"Wiki tatu."

Nilingoja anitukane. Ningelipa chochote anitukane. Aliniuliza tu, "Ulimwambia nakuja?" Nikasema sikumwambia. Nikamweleza yote, foleni, vumbi, majani aliyoniongezea, na lile neno lake, Kibera nina mtu. Nililia kama mtoto, na yeye ndiye aliyeinuka akaniletea kitambaa. Akasema taratibu, "Hata mimi sikumwambia." Hakuwa ananifariji. Alikuwa anatoa hesabu yake mwenyewe.

Makaa yakapasuka kidogo. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Yuko kwa jirani. Mpaka shule zifungwe."

Aliinuka akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, magoti yale, akalivuta sanduku. Akafungua akaangalia. Akatoa viatu vyeusi akaingiza vidole vyake ndani, akapima kwa macho, akavirudisha. Msichana alikuwa anakwenda miaka kumi. Akafunga kifuniko, akainuka, akalisukuma lote chini ya kitanda kwa mguu. Halafu akatoka nje na kitambaa, akaondoa jiwe, akashika sufuria kwa mikono miwili akaiteremsha kutoka kwenye jiko. Nilisikia mahindi yakigonga, magumu bado. Miaka yote niliyomjua hakuna mtu aliyewahi kutoka pale kabla githeri haijaiva.

"Twende," akasema.

"Sasa hivi?"

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi twende."

"Mwalimu, hatubebi kitu? Hata sukari?"

"Tukibeba tutachelewa."

Stejini hakukubali kungoja gari lijae. Alisimamisha bodaboda mbili, akapanda upande, mama wa umri ule, mkono mmoja umeshika bega la dereva na mwingine umeshika miwani isiyo na uzi. Nilikuwa nyuma yake njia nzima. Nilimwona ameinamisha kichwa, midomo inasogea, nikajua anatafuta maneno, na nikaomba asiyapate mazuri sana.

Msichana alikuwa nje ya mlango wa Mama Shiru, anafua sare ya shule kwenye beseni, povu limemfika viwikoni. Mwalimu alishuka akatembea hatua zile chache peke yake. Mikono aliiweka mbele, viganja wazi, kama mtu anayeonyesha hana kitu. Msichana akainua uso. Nilimwona akiangalia paji lile, pua ile, na kidole kile kilichonyooka, na akalisahau beseni.

"Mimi ni dada ya mama yako," Mwalimu akasema. "Nimechelewa."

Msichana akafuta mikono kwenye sketi. Akaenda akaleta kistuli kilichokuwa kando ya ukuta, akakipangusa maji kwa kiganja, akakiweka mbele yake.

"Karibu," akasema. "Mama alisema utakuja Jumamosi."